Bafu la Mama Mkwe

Jumamosi, 8 Machi

Christine amenitupia hii daftari asubuhi kabla hajaenda kazini. "Baba Alvin, tangu Jumatatu unalalamika tu. Masikio yangu yamejaa. Andika humo, mimi nipumzike."

Haya. Naandika.

Mimi ni Musau, baba yake Alvin, fundi wa bomba na taili, miaka kumi na tisa kazini. Vyoo vya nyumba za matajiri huko Lavington na Kileleshwa nilivyoweka kwa mikono yangu vinapita mia mbili, na sijawahi kuitwa kurudi kwa sababu kimoja kimevuja. Nasema hivyo ili ijulikane mimi si mtu wa kubahatisha.

Mama yake Christine, Mama Filister, alipata kiharusi mwezi wa kwanza huko Soweto West, Kibera, alikolea watoto wake wote kwa kukaanga samaki. Upande wa kushoto umelegea, mkono na mguu. Hospitali walimtoa na woka, kile kifaa cha kutembelea cha miguu minne, na maagizo matatu: asichuchumae, asipande ngazi, asiteleze. Sasa kule Soweto choo ni cha kulipia, kiko juu ya ngazi kumi na moja, na njia ya kufika ni matope mvua ikianza. Kwa hivyo Jumatatu tulimleta huku mtaani kwetu Gatina.

Si nyumbani kwetu hasa, na hapo ndipo kichwa kinaanza kuniuma. Christine ni Mjaluo, na kwa Wajaluo mama halali kwa nyumba ya binti yake aliyeolewa. Na kwetu Ukambani mama mkwe na mkwe hawazoeani kabisa. Tunaita nthoni, ni heshima iliyochanganyika na haya, na hata mkikutana njiani mmoja anapisha. Mambo mengi Mkamba na Mjaluo hawaelewani, lakini kwa hili utadhani walikaa kikao kimoja. Nimeishi na Christine miaka tisa na sijawahi kuongea na mamake neno moja ana kwa ana. Tukiwa chumba kimoja namsalimia kupitia Christine, naye anaitikia kupitia Christine, na Christine anatuangalia kama watu wawili wajinga.

Bahati nzuri bedsita ya kando yetu, chumba kimoja chenye jiko na bafu ndani, namba saba, ilikuwa wazi. Sisi tuko namba sita, mimi na Christine; Alvin anasoma Ukambani kwa mamangu. Tukaichukua, mama akakubali kwa sababu hiyo ni nyumba yake, si ya mkwe. Ukuta wa katikati ni wa tofali moja. Ukikohoa huku, unaambiwa pole kule.

Nimeingia kuona hilo bafu. Mungu wangu. Mlango wa futi mbili, woka haipiti. Kidato cha inchi nane cha kupanda. Choo cha kuchuchumaa, na bomba la kuogea liko juu yake, kwa hivyo ukioga unasimama juu ya shimo. Sakafu ni simenti laini inayong'aa. Aliyejenga hii kitu aliamini wapangaji wote ni wanariadha.

Nitalivunja lote.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeenda kuomba ruhusa kwa Khamala, msimamizi wa ploti hii ya nyumba za kupanga. Amepigia mwenye ploti, akarudi na jibu.

"Fundi, amekubali. Lakini siku mkihama unarudisha choo yake vile ilikuwa."

"Na kile kidato?"

"Pia kidato."

"Khamala, kile kidato kinavunja watu miguu."

"Ni yake lakini."

Jumatano, 12 Machi

Choo cha kukalia lazima kilingane na kimo cha nyuma ya goti la mtu. Kikiwa chini sana hainuki, kikiwa juu sana miguu inaning'inia. Kwa mteja mwingine yeyote ningesema, mama, kaa hapo kidogo, nipime, dakika moja nimemaliza. Sasa ni mama mkwe. Nimemtuma Christine na uzi.

Amerudi na uzi una fundo. "Ulipima akiwa na viatu?" Hajui. Amerudi. Amekuja na fundo lingine, tofauti ya inchi mbili. "Alikuwa amekaa kitandani ama kwa kiti?" Kitandani, godoro limebonyea. Amerudi mara ya tatu akiwa amenuna.

"Mama ameuliza, mkwe wangu anataka goti langu la nini?"

Nimefunika uso na kofia. Inchi kumi na nane, nimeandika, na Mungu atusaidie.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Hakuna kazi.

Jumatatu, 17 Machi

Tumebadilishana nyumba. Mama anashinda namba sita kwetu, mimi nashinda namba saba navunja. Saa za chakula nagonga ukuta mara tatu, Christine au bibi ya Khamala anamrudisha, mimi napita kwa uani nikiangalia chini. Leo nimetoa kidato chote na kupanua mlango. Vumbi limenijaa hadi kwa meno. Naambiwa mama amesema nyundo inamuumiza kichwa. Na mimi je?

Jumatano, 19 Machi

Leo ningelia.

Dada anayempa mama mazoezi hospitalini alisema chuma cha kushikilia kiwe upande wa mkono wenye nguvu, yaani wa kulia. Nimemuuliza Christine, ukuta upi? Akasimama mlangoni akaangalia ndani, akanyoosha mkono wa kulia: huu. Nikatoboa taili mashimo manne, nikakaza chuma, kizuri, hata mimi nikining'inia hapo hakitoki. Jioni Christine amemwingiza mama, akamkalisha kwa kiti cha plastiki pale choo kitakapokuwa, akamwambia shika. Mama akashika hewa. Mtu akikaa anaangalia mlango, si ukuta! Kulia kwake ni kushoto kwa aliyesimama mlangoni!

Fundi wa miaka kumi na tisa. Ningeongea na mwenye choo dakika mbili tu, hii haingetokea. Lakini siwezi, kwa sababu ya heshima. Sasa heshima imenitobolea mashimo manne bure.

Kesho nahamisha.

Alhamisi, 20 Machi

Nimehamisha. Mashimo nimeziba na simenti nyeupe. Yanaonekana.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemaliza, na nimeharibu.

Acha nieleze pole pole. Choo kimekaa, cheupe, kimo sawasawa, skrubu nne chini. Sakafu nimeweka taili za kukwaruza ambazo hata na sabuni huwezi kuteleza. Bomba la kuogea nimelishusha, na kiti kidogo cha kuogea nimekifunga ukutani. Kusema kweli sijawahi kufanya kazi safi hivyo hata Lavington, na kule walinipa chai kwa kikombe cha maua.

Sasa mimi nina tabia yangu. Choo chochote nikikiweka, lazima nikikalie. Nakaa na uzito wangu wote, naruka mara tatu, nasikiliza. Kikilia kidogo nafungua naanza upya. Ndiyo maana siitwi kurudi.

Nilikuwa nimekaa. Na ovaroli yangu, nimevaa kila kitu, jamani, nina pima maji mkononi, naruka mara ya pili. Christine alikuwa amesema atamleta saa kumi. Ilikuwa saa tisa na nusu. Mlango ukafunguka, na mama mkwe ako hapo kwa woka, ananiangalia nikiruka juu ya choo chake.

Aligeuza uso ukutani. Christine akafunga mlango polepole. Mimi nilibaki nimekaa hapo sijui dakika ngapi.

Jumapili, 23 Machi

Hataki.

"Baba Alvin, anasema hawezi kukaa mahali mkwe wake amekaa."

"Sikukaa! Nilijaribu!"

"Ulikuwa umekaa."

"Na suruali!"

"Mimi najua. Yeye anasema makalio ni makalio."

Nimemwambia nitakipangusa na spiriti, nitabadilisha kile kifuniko cha juu, pasta aje aombee. Christine amesema mama hajakataa kwa hasira. Amekataa kwa upole kabisa, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mama akikasirika, baadaye huwa anapoa.

Kwa hivyo mama anatumia ndoo yenye kiti nilichotoboa, ile tuliyoanza nayo. Christine anaimwaga asubuhi kabla ya kazi na jioni akirudi. Na bafu safi kuliko yote Gatina limefungwa.

Jumatano, 26 Machi

Mvua imeanza vibaya. Kazi za nje zimesimama, kwa hivyo nashinda nyumbani, na nikishinda nyumbani mama mkwe hawezi kwenda haja. Ukuta ni wa tofali moja. Anajua niko, najua anajua.

Nimejaribu redio kwa sauti kubwa. Akamtumia Christine ujumbe kwamba redio inampigia kelele.

Basi leo nimevaa gamboti nikatoka. Nimesimama chini ya mabati ya duka la mkaa kwa saa mbili, mvua inanipiga magotini. Muuza mkaa ameuliza, "Fundi, unangoja nani?"

Nimemwambia nangoja mvua iishe. Ningemwambiaje namngoja mama mkwe wangu akojoe?

Ijumaa, 28 Machi

Duka la mkaa tena. Asubuhi na mchana.

Jumatano, 2 Aprili

Jana Christine alirudi akapata mama anaongea na marehemu mumewe kwa Kijaluo, macho yako wazi, mwili moto. Tukampeleka kliniki, mimi nikitembea nyuma hatua kumi kwa sababu hata mtu akiwa mgonjwa hivyo haya zake haziugui.

Nesi amemuuliza Christine, mama anakunywa maji kiasi gani kwa siku? Christine akasema jagi moja, mimi huliacha limejaa asubuhi, jioni liko tupu. Nesi akamgeukia mama. Mama akamwangalia Christine. Halafu akasema, kwa ule mdomo wake uliolegea, mimi huyamwaga kwa dirisha.

Hanywi. Wiki moja na zaidi hajanywa isipokuwa kikombe cha kumezea dawa. Asiponywa haendi haja, asipoenda haja hakuna ndoo, mtoto wake hamwagi, mkwe wake hasikii. Figo zimeanza kulalamika na mkojo una maambukizi. Nesi alisema wazi wazi: huyu akiendelea hivi, hamtakuwa naye wakati wa Krismasi.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimegeuka nje. Nilisikia yote. Nilikasirika nikataka kuvunja kitu. Choo kiko! Cheupe! Kimo sawasawa! Na mtu anakufa kiu kando yake kwa sababu nilikikalia na ovaroli!

Jumamosi, 5 Aprili

Mjomba Lazarus, kaka ya mama, amekuja kutoka kijiji cha Raila huko Kibera kukata shauri. Amekaa kwa kiti chetu kizuri, amevua kofia, ameniita orwa, yaani mkwe wetu.

"Orwa, wewe hukukosea kwa ubaya."

"Asante, mjomba."

"Lakini ulikosea."

"Ndiyo, mjomba."

"Hicho choo kitoke. Kiwekwe kingine. Na kiwekwe na mkono mwingine, si wako. Na wewe usiingie tena hapo ndani."

Nimemuuliza kama anajua kazi yangu ni gani. Amesema anajua, ndiyo maana ameniambia mapema nitafute fundi mzuri.

Mimi! Nitafute fundi! Watu wa hii Gatina wote wakitaka fundi wananitafuta mimi!

Mama amesema kupitia kwa Lazarus kwamba choo kipya kikiwekwa na mtu mwingine atakitumia, na atakunywa maji. La sivyo arudishwe Soweto, akafe kwake bila kusumbua mtu. Nikasema sawa. Ningesema nini?

Jumatano, 9 Aprili

Nimeenda Soweto West kuchukua nguo za baridi za mama, na kusema ukweli nimeenda kuona kama naweza kumtengenezea huko. Niondoe huu mzigo Gatina, hilo ndilo lilikuwa kichwani, naandika vile lilikuwa.

Haiwezekani. Chumba chake kiko chini kwa bonde, maji ya mvua yanapita mbele ya mlango. Zile ngazi kumi na moja nimezipanda mimi mwenyewe nikishikilia mabati ya watu. Mtu mwenye mguu mmoja tu wenye nguvu hawezi.

Jirani yake, dada mmoja anaitwa Lavender, ndiye ana ufunguo. Ameniangalia juu mpaka chini.

"Wewe ndio ule mkwe fundi?"

Nikasema ndiyo.

"Ai! Huyo mama ametuchosha na wewe. Hapa mtu hawezi ongea juu ya choo hajasema zile za matajiri huko Lavington zote ni mkwe wake ameweka. Mkwe wangu hivi, mkwe wangu vile. Ule mwaka wa mafuriko alituambia, ngojeni mkwe wangu aje, atajenga hii choo yetu mara moja. Tukamwambia si umwite. Akasema, mkwe haitwi kwa mambo ya choo."

Miaka tisa nilidhani huyo mwanamke hajui hata sura yangu vizuri. Nimerudi na nguo kwa gunia, na njia yote nimekuwa nikijiona mjinga. Mkono wake umelegea, mguu umelegea, hata mdomo haumtii. Kitu pekee ambacho bado anakiendesha mwenyewe ni hiyo heshima, na mimi nimekuwa nikiipigia kelele humu ndani kama vile ni ujeuri.

Lakini bado imenichosha. Sitadanganya.

Jumamosi, 12 Aprili

Ouma amekuja kuweka choo kipya. Ni kijana wa Kawangware ambaye niliwahi kumfundisha kazi miezi mitatu, akaondoka kabla ya kumaliza. Kila fundi mzuri ninayemjua ana kazi ya nje wiki hii, na mama hawezi kungoja.

Nimekaa namba sita nikisikiliza kupitia ukuta. Nimesikia nyundo, nimesikia akichanganya simenti. Sijasikia drili.

"Ouma! Umeweka skrubu?"

"Fundi, simenti nyeupe inatosha. Hiyo haiendi mahali."

"Weka skrubu!"

"Drili yangu imeungua."

"Chukua yangu!"

Nikainuka niichukue, Christine akanishika mkono. "Umeambiwa na mjomba, mkono mwingine. Na drili yako ni mkono wako."

Nimekaa chini.

Jumatatu, 14 Aprili

Mama amekunywa maji vikombe viwili. Ametumia choo. Christine ameimba jikoni.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Pilau. Mama ametuma nipewe paja la kuku, nimetuma shukrani.

Jumatano, 23 Aprili

Nimemuuliza Christine, kinatingishika?

"Kidogo."

"Kidogo ni nini?"

"Kidogo tu, Baba Alvin, kama jino la mtoto."

Nimempigia Ouma mara nne. Simu haiiti. Nimemwambia Christine aniruhusu niingie dakika kumi, mama akiwa kwetu, hatajua. Christine amesema mama atajua, na akijua ataacha kunywa tena. Nimempigia Ouma mara ya tano.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. Duka la mkaa. Muuza mkaa siku hizi ananiwekea kigoda.

Ouma amesema Jumatatu.

Jumatatu, 28 Aprili

Hakuja.

Jumanne, 29 Aprili

Nitaandika vile ilikuwa.

Christine aliondoka alfajiri. Mimi nilitoka saa nne kwenda kwa duka la mkaa kama kawaida, lakini mvua ya leo haikuwa ya kusimama nje. Maji yalipanda hadi kwa kigoda, muuza mkaa akafunga, nikarudi kwangu nikiwa nimelowa. Nilikuwa navua gamboti nikasikia mshindo upande wa pili. Halafu maji yakimwagika kwa nguvu. Halafu sauti.

"Christine! Christine!"

Nilisimama kwa ukuta. Nilisema, na ndiyo mara ya kwanza kwa miaka tisa, "Mama, Christine yuko kazini."

"Nimeita Christine."

"Mama, ni mimi tu niko."

"Basi wacha."

Wacha! Nikakimbia nje nitafute mwanamke yeyote. Namba tano wako kazini. Namba nane ni vijana wawili wa boda boda. Bibi ya Khamala ameenda kwao Kakamega kwa mazishi. Dukani pamefungwa. Nimekimbia ploti nzima na soksi moja, nagonga milango, naita kama mwizi amenishika badala ya mimi kumshika, na Jumanne mchana hapa hakuna mtu mzima wa kike hata mmoja. Niliporudi mlango wa namba saba maji yalikuwa yanatokea chini yake.

"Mama, naingia. Nimefumba macho."

"Ukifumba utaniangukia," akasema. "Fungua."

Nilivuta blanketi kwa kitanda nikaingia nalo mbele yangu. Choo cha Ouma kilikuwa kimelala ubavu, simenti nyeupe imeng'oka yote kama gamba la yai, bomba la nyuma limekatika linamrushia maji baridi. Yeye alikuwa amekaa sakafuni, mkono mzuri bado umeshika kile chuma changu. Nilimfunika, nikafunga koki, nikamshika chini ya makwapa nikamwinua. Ni mwepesi. Sikujua ni mwepesi hivyo.

Nilifikiri tumemaliza. Nikaanza kumgeuza kwenda kitandani. Akakataa kutembea. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Bado."

Hakuwa amemaliza alichoendea. Alikuwa amejizuia muda wote huo, kwenye maji baridi, akiningoja nitafute mwanamke.

Basi nikasimamisha kile choo. Nikamkalisha juu yake na blanketi lake, mkono wake nikauweka kwa chuma. Kisha nikapiga magoti nyuma, uso ukutani, nikakikumbatia choo kwa mikono miwili kisitingike. Na nikaanza kuimba. Wimbo wa kanisa, wa kwanza ulionijia, kwa sauti yote niliyo nayo, ili nisisikie na yeye ajue sisikii. Sauti yangu ni mbaya. Niliimba beti zote nne, zikaisha, nikaanza tena ya kwanza.

Akanigonga bega na vidole. Nikamwinua, nikamfunga leso kavu mbili juu ya blanketi, nikamlaza. Aligeukia ukuta.

Nilitoka uani nikalia kwa mvua. Sina haya kuandika.

Jumatano, 30 Aprili

Amemwambia Christine, "Nimeanguka, nimeinuka," basi. Na akasema amfungie begi, anarudi Soweto. Mjomba Lazarus anakuja kesho na gari ya kukodi, kesho ni Leba Dei, kila mtu ako nyumbani.

Hajanywa maji tangu jana. Uji amekataa. Nesi alisema tayari nini kitatokea, si lazima arudie. Christine amelia jikoni, nami nimempiga kelele kwamba mamake ana kichwa ngumu, halafu nikamwomba msamaha, halafu tukalia wote wawili.

Hata nifanye nini, haitasaidia. Nimemwona. Hawezi kuishi mahali mkwe wake amemwona.

Alhamisi, 1 Mei

Lazarus alikuja saa nne. Mama alikuwa ameketi kwa kiti mlangoni pa namba saba, amefunga kitambaa, begi miguuni. Mimi nilipanga kutoroka, niwapishe waondoke. Nilikuwa nimefika karibu na geti. Nikageuka nikarudi, nikasimama mbele yake. Mbele kabisa, naangaliana naye.

"Mama. Sijaona kitu. Nilikuwa nimeangalia ukuta, naimba. Na hata kama ningeona, ningeona mama. Wewe ukienda Soweto, ukianguka, nani atakuimbia huko?"

"Orwa!" Lazarus akapiga kelele. "Nyamaza! Unaongea na nani hivyo?"

"Naongea na mama, mjomba. Nimenyamaza miaka tisa, na kunyamaza kumemwangusha."

Christine alikuwa amefunika mdomo. Khamala alikuwa amesimama na ufagio, hafagii. Mama aliniangalia, na ni macho ya Christine yale yale, sijui mbona sikuwahi kujua.

"Hicho choo," akasema, polepole, kwa ule mdomo wake. "Utakishika na skrubu lini?"

"Leo, mama. Hata sasa."

"Utakikalia?"

Lazarus alishika kichwa. Ningedanganya, lakini niliona amedanganywa vya kutosha na Ouma.

"Lazima, mama. Bila hivyo siwezi kujua kama kitakubeba."

Akavuta leso kwa magoti akainyoosha.

"Basi kikalie vizuri."

"Dada," Lazarus akaanza, "watu wa nyumbani watasemaje?"

"Wewe Lazarus, umewahi kushikia nani choo?" akamjibu bila kumwangalia. "Rudisha hiyo gari."

Halafu akaniita kwa jina. Hakuniita mume wa Christine, wala baba ya Alvin.

"Musau. Niletee maji."

Nimekimbia jikoni. Nimemletea kile kikombe kikubwa cha chuma, nimemshikia chini kwa sababu ana mkono mmoja tu wa kushika. Amekunywa mbele yangu, mbele ya Lazarus, mbele ya ploti nzima, hakusimama hata kupumua, mengine yakimwagika kwa shingo. Amemaliza, akanirudishia kikombe.

"Ongeza," akasema.